Kompyuta haina intaneti, programu nitaiwekaje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Maabara yetu ina kompyuta 12 za Windows 10, zote hazina intaneti. Nilipakua Chrome mjini kwa flashi, lakini nikiibofya shuleni inadai mtandao. Pia nataka kuweka LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Fundi mmoja ana flashi yenye programu zote, ila anataka nizime antivirusi kwanza. Anasema kompyuta isiyo na intaneti haidhuriki. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, flashi ya huyo fundi usiichomeke hata mara moja.

Chrome ni jambo dogo. Faili ulilopakua ni mjumbe tu: likibofywa, huenda kuivuta programu yenyewe kutoka intaneti. Tafuta kwenye tovuti ya Google faili kamili la kusakinisha bila mtandao. Hilo huzidi megabaiti 100. LibreOffice haina usumbufu huo, faili lake la kusakinisha (.msi) hubeba programu nzima.

Kinachoniudhi ni hilo la “haina intaneti, haidhuriki”. Nalisikia kila siku, na kila siku naletewa flashi ambazo folda zake zote zimegeuka shotikati (alama za njia ya mkato) za kilobaiti moja au mbili. Kirusi huficha folda halisi na kuweka za bandia zenye majina yale yale. Mtu akibofya “Matokeo Kidato cha 2”, kinaingia kwenye kompyuta na kuisubiri flashi inayofuata. Intaneti ya nini? Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010, kilisambaa kwa flashi na kuharibu mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, ambazo hazikuunganishwa na intaneti.

Fundi anayetaka uzime antivirusi anajua sababu: programu zake ni za kraki, yaani zimevunjwa leseni, na antivirusi ikiwa macho itazikamata. Tena antivirusi iliyokaa miezi bila mtandao haivijui virusi vipya. Microsoft hutoa masasisho ya Defender, antivirusi inayokuja na Windows, kama faili, mpam-fe.exe. Lipakue mjini ulipeleke shuleni.

Kabla ya kubofya faili la LibreOffice, hakikisha halijaharibika wala kuchezewa: fungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Zitatokea herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na ulizonakili kwenye tovuti ya LibreOffice. Ikipishana hata moja, futa upakue upya.

Na flashi ya kazi hii iwe ya kazi hii tu. Isipitie steshenari kuprinti mitihani, isiazimwe ofisi ya mkuu wa shule, isilale mfukoni mwa mwanafunzi.