Mwambieni mtoto kabla zege halijamwagwa

*Shikamoo Shangazi,*

*Tuko katikati ya ukarabati wa nyumba. Jiko limebomolewa, sebule imejaa mifuko ya saruji, na sisi watatu, mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka sita, tunalala chumba kimoja. Katika vurugu hizi paka wetu, Chui, amekufa. Alikuwa na miaka 14. Nilikuwa naye kabla sijaolewa. Alikuwa amekonda, na alianza kunywa maji kupita kawaida miezi kadhaa kabla mafundi hawajaja. Mume wangu alimkuta asubuhi nyuma ya rundo la vigae, mimi nikiwa kazini na mtoto shuleni. Yeye na kibarua mmoja wakamzika uani, mahali ambapo wiki ijayo litamwagwa zege la baraza jipya.*

*Jioni mtoto alipouliza, baba yake akamwambia Chui amekimbia kelele za mafundi, na nyumba ikiisha atarudi. Tangu siku hiyo mtoto hawasalimii mafundi. Kila asubuhi anawauliza, "Mnamaliza leo?" Usiku anaacha bakuli la Chui limejaa kando ya mlango, na amekataa dirisha la jiko kuwekewa wavu kwa sababu ndimo Chui alimozoea kupita. Mume wangu anasema yule ni paka tu, mtoto atasahau, na kazi ikiisha tutaleta mwingine wa rangi ileile. Mimi nalia chooni nikiwa nimefungua bomba. Najiuliza kama ni vumbi na rangi vilivyomuua. Nimwambie mtoto ukweli? Nikimwambia, si nitakuwa nimemuumbua baba yake?*

*Mama Kijana*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Msiba wako wewe nitaufikia. Kwanza tushughulikie jambo ambalo haliwezi kungoja: mtoto aambiwe ukweli, aambiwe na baba yake, na aambiwe kabla zege halijamwagwa.

Soma tena ulichoniandikia kuhusu swali lake la kila asubuhi. Baba yake alipomwambia "nyumba ikiisha atarudi," alimpa tarehe. Mtoto ameishika tarehe hiyo, ndiyo maana anawahesabia mafundi siku. Siku mtakayofurahia jiko jipya, yeye atakuwa mlangoni anamngoja Chui. Asipomwona atabaki na maswali mazito kuliko kifo chenyewe: kwa nini hakurudi, amenichukia, nilimfanyia nini? Mtoto wa umri huo ni mwepesi sana wa kujitwika lawama. Atakumbuka siku aliyomvuta mkia, au siku aliyomfukuza kitandani, na hatamwambia mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yenu inakwisha siku fundi wa mwisho atakapokusanya vyombo vyake.

Huenda mumeo anaamini mtoto wa miaka sita hawezi kuelewa kifo. Anaweza. Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya na watoto 378 wa Budapest kuhusu wanavyokifikiria kifo. Wadogo kabisa, wa miaka mitatu hadi mitano, walikiona kama safari au usingizi: aliyekufa yuko mahali fulani, bado anaishi kwa namna yake. Watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba kati ya miaka mitano na saba ndipo watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, na kwamba viumbe vyote hufa. Kijana wako yuko katika umri huo huo. Anapojaza bakuli kila usiku anafanya jambo la akili kabisa kwa habari aliyopewa. Mbadilishieni habari.

Sasa baba yake. Sikuoni ukimchukia katika barua yako, nami simchukii. Mtu aliyechimba shimo kwa mikono yake asubuhi ile, akaosha mikono, kisha jioni akakutana na macho ya mtoto anayeuliza "Chui yuko wapi," aliogopa machozi. Wazazi wengi wangeropoka neno lilelile. Zungumza naye mkiwa wawili, mbali na mafundi na nje ya hicho chumba mnacholala na mtoto, maana watoto husikia hata wakiwa wamefumba macho. Usianze na "ulimdanganya." Mweleze ulichokiona: bakuli, dirisha, swali la kila asubuhi. Pengine yeye anashinda na masuala ya kokoto na mabomba, na hajayaona hayo yote kwa pamoja kama ulivyoyaona wewe.

Unauliza kama utamuumbua. Ukimwambia mtoto wewe, kwa siri, ndiyo, utamuumbua, na mtoto atajifunza kwamba ukweli wa nyumba hii uko kwa mama. Ndiyo maana nataka aseme mwenyewe. Maneno yasiwe mengi. Aketi chini, awe sawa na urefu wa mtoto, aseme hivi:

"Nilikuambia Chui amekimbia. Haikuwa kweli. Chui alikufa. Alikuwa mzee na mgonjwa, mwili wake ukaacha kufanya kazi. Mimi ndiye niliyemkuta, nikamzika uani. Niliogopa utalia, ndiyo maana sikukuambia. Nilikosea. Nisamehe."

Halafu anyamaze. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu, kwa kujaza kimya na ahadi ya paka mwingine. Mtoto akilia, alie. Akikasirika akampiga baba yake kifuani kwa vingumi, mikono ishikwe taratibu, asigombezwe. Na akiinuka baada ya dakika tano akaenda kucheza, msidhani hakusikia au hana huruma. Watoto huingia katika huzuni na kutoka, wakarudi tena jioni au keshokutwa na swali lilelile. Jibuni lilelile, kwa maneno yaleyale.

Neno "alikufa" litamkwe. Msiseme amelala, maana mtoto naye hulala kila usiku, na wapo wanaoanza kuogopa kitanda kwa sababu hiyo. Msiseme ameondoka, maana nyinyi pia mnaondoka kila asubuhi kwenda kazini. Kama familia yenu ina imani kuhusu yanayofuata baada ya kifo, mwelezeni, lakini ije baada ya kuelewa kwamba mwili umekufa na haurudi.

Atauliza mambo yatakayowashtua. Je, anasikia baridi huko chini? Hapana, hasikii baridi, hasikii njaa, hasikii maumivu. Nani anampa maji? Hahitaji maji tena. Na jiandae kwa hili, mama: "Na wewe utakufa?" Usimwambie hapana. Mwambie watu wote hufa, wengi wakiwa wazee sana, na kwamba unatarajia kuishi muda mrefu ukimlea. Akiuliza kama ni kosa lake, mjibu hapohapo kwamba kumvuta mkia au kumkasirikia paka hakumletei ugonjwa. Hata asipouliza, mwambie.

Kuhusu uani, mwambieni fundi asubiri. Najua ratiba ya ujenzi ilivyo, fundi akichelewa siku moja anakuambia amepata kazi kwingine. Hata hivyo asubiri. Mtoto aonyeshwe mahali penyewe pakiwa bado ni udongo, aguse, aweke jiwe au mchoro wake kama anataka. Asipotaka, asilazimishwe. Kisha aelezwe mapema kwamba hapo patajengwa baraza, ili asirudi kutoka shuleni siku moja akakuta zege bila kuambiwa neno. Na baraza likiweza kusogezwa hatua mbili, sogezeni. Ni kamba na vigingi tu kwa sasa, bado hamjamwaga kitu. Kumfukua Chui ili azikwe kwingine sishauri, na mtoto asione jambo hilo kabisa.

Wapo wengine wanaodaiwa haki hapa: mafundi. Watu hao wanabeba lawama ya kumfukuza paka wasiyemfukuza, na kila asubuhi wanapitishiwa uso wa mtoto uliokunjamana bila kujua kisa. Baba aseme wazi mbele ya mtoto kwamba mafundi hawakumfukuza Chui. Yule kibarua aliyesaidia kuzika, kama yuko tayari, amwambie mtoto jambo moja dogo la kweli analolikumbuka, labda alimfunika kwa kitu gani, au alimlaza vipi. Hayo mambo madogo ndiyo mtoto hushika.

Mumeo akikataa je? Mpe siku kadhaa, umwambie waziwazi kwamba siku ya zege haitafika mtoto akiwa gizani. Ikifika hiyo siku naye hajasema, sema wewe, yeye akiwepo, na useme hivi tu: "Baba aliogopa utaumia." Usiongeze lingine juu yake.

Sasa wewe. Ulichonieleza, paka wa miaka 14 anayekonda na kunywa maji kupita kawaida, ni dalili ambazo daktari yeyote wa mifugo akizisikia huanza kufikiria figo. Ugonjwa wa figo ni wa kawaida sana kwa paka wazee. Figo zikichoka hushindwa kubana mkojo, paka anakojoa sana, kwa hiyo anakunywa sana. Na dalili hiyo kwa kawaida huonekana figo zikiwa tayari zimepoteza karibu theluthi mbili za uwezo wake, yaani uharibifu huwa umeanza zamani. Wewe mwenyewe umeandika kwamba maji yalianza kabla mafundi hawajaja. Hata kule kujificha nyuma ya vigae ni tabia ya paka mgonjwa. Hutafuta mahali pa kimya, penye kificho. Hakuwa anakukimbia wewe wala rangi yako.

Vumbi hilo, hata hivyo, liogope kwa ajili ya mtoto. Kama nyumba yenu ni ya zamani, rangi ya chini inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto wadogo hata kwa kiasi kidogo. Marekani ilizipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini duniani bado kuna kuta nyingi zenye matabaka ya zamani yaliyofunikwa na mapya. Fundi rangi asipige msasa mkavu. Ukuta uloweshwe kwanza, mtoto awe nje, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa. Hicho chumba mnacholala kifungwe mlango wakati wa kazi, na mwanya wa chini uzibwe kwa kitambaa kibichi.

Kisha lia, mwanangu, na ulie bila kufungua bomba. Paka wa miaka 14 analinganishwa na mtu aliyevuka miaka 70. Huyo ameishi na wewe ujana wako wote, amehama nawe, amekuona ukiolewa na ukijifungua. Kenneth Doka, mtaalamu wa Marekani wa mambo ya msiba, aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui, ile ambayo mtu hapewi pole wala ruhusa ya kuomboleza. Kufiwa na mnyama ni mfano wake ulio wazi. "Ni paka tu" ndiyo sentensi inayompeleka mtu kulia chooni. Mwambie mumeo inakuumiza, kwa maneno hayo hayo. Na mtoto akikuona unalia, mwambie: nalia kwa sababu namkumbuka Chui. Atajua kwamba na yeye anaruhusiwa. Mkimaliza kuambiana ukweli, bakuli muachieni yeye aamue. Akitaka kuliweka siku chache zaidi, likae. Akitaka lioshwe lihifadhiwe, lioshwe.

Hilo la paka wa rangi ileile, lizuie. Mtoto anayemjua mnyama wake hadanganyiki kwa rangi. Anajua mlio, anajua sikio lipi lina kovu. Na akigundua, uongo wa pili utakuwa umekaa juu ya wa kwanza. Tena nyumba yenye kuta zilizo wazi si mahali pa kuleta paka mdogo: hupenya kwenye tundu la bomba au nyuma ya ubao, na fundi asiyejua anaweza kumzibia humo. Subirini kazi iishe. Subirini pia mtoto atake, maana huenda asitake kwa muda mrefu, nanyi mkubali. Siku akitaka, awe paka tofauti, mwenye jina lake.

Wiki chache za kukosa usingizi vizuri, kung'ang'ania nguo yako, hata kukojoa kitandani, ni za kawaida. Zikipita wiki kadhaa naye hali chakula vizuri, anakataa shule, au anarudia kusema kwamba yeye ndiye aliyemuua Chui, mpeleke kwa daktari wa watoto au mshauri nasaha, na umweleze yote, pamoja na ule uongo wa mwanzo.