Masi ya klorini ni 35.5: hiyo nusu inatoka wapi?

Mdogo wangu, umeuliza inakuwaje klorini iandikiwe 35.5 ilhali hakuna nusu protoni wala nusu nyutroni. Swali zuri, wengi hukariri tu wakapita.

Hakuna atomi hata moja ya klorini yenye masi ya 35.5. Zote zina protoni 17 kwenye kiini, na hizo ndizo zinazoifanya iwe klorini. Ongeza moja tu, tayari ni agoni. Kinachotofautiana ni nyutroni: zipo atomi zenye nyutroni 18, jumla 35, na zipo zenye 20, jumla 37. Hizo ndizo isotopu. Elektroni ziache kando kwenye hesabu hii, masi yake ni ndogo mno, ingawa ndizo zinazoamua tabia ya kikemia. Ndiyo maana isotopu zote mbili huungana na sodiamu kwa namna ileile.

Sasa, kwa asili robo tatu hivi ya klorini ni klorini-35, na robo ni klorini-37. Usijumlishe 35 na 37 ukagawa kwa mbili! Utapata 36, na hapo ndipo wanafunzi wengi huanguka. Kila isotopu izidishe kwa sehemu yake:

(35 × 0.75) + (37 × 0.25) = 35.5

Ukikuta 35.45 kwenye jedwali jingine usishtuke, ni vipimo makini zaidi.

Jaribu boroni: asilimia 20 ni boroni-10, asilimia 80 ni boroni-11. Ukipata 10.5, umegawa kwa mbili tena. Jibu ni 10.8.