Zimeni hiyo Blender, programu ya kuchorea katuni, kwanza! Ini lilitugharimu siku 12

Mkuu, swali lako nimelisoma chai ikapoa. Mko watatu, mnataka katuni ya dakika tano ya mzunguko wa vimelea vya malaria kwa wanafunzi wa sekondari, na unauliza laptopu ipi, kipaza sauti kipi, muziki wa bure unapatikana wapi. Halafu katikati ukatupia, kama vile si kitu: "mbu tumeshamaliza, kesho tunaanza kurenda, maelezo tutaandika tukiona picha zimekaaje." Hapo ndipo roho iliponiruka.

Msirende chochote kesho, yaani msiiachie kompyuta igeuze michoro yenu kuwa picha kamili za video. Nisikilizeni.

Mimi na wenzangu watatu tulifanya vilevile tukiwa mwaka wa mwisho wa ualimu. Kulikuwa na kaka mmoja aliyetutangulia darasa, shughuli yake kutengeneza mikanda ya harusi, ile ya majina kuzunguka na njiwa kuruka. Mtaa mzima ulimwita Profesa. Akatuambia, huku anakunywa soda tuliyomnunulia sisi: "Wadogo zangu, picha ndiyo inayouza. Maneno mtayapachika mbele ya safari." Tukatikisa vichwa kama wanakwaya. Profesa huyo, popote ulipo, soda yangu unadaiwa mpaka leo.

Basi tukachora. Mbu anatua mkononi, anadunga, vimelea vyembamba kama sindano vinateremka na mate yake, vinaogelea kwenye mshipa, puu! vinazama ndani ya seli nyekundu za damu. Seli zinatuna, zinapasuka, mgonjwa anatetemeka kitandani. Na yote hayo kwa kamera moja isiyokatika, inamfuata kimelea mmoja kutoka mdomoni mwa mbu hadi ndani ya seli. Damu iling'aa kama juisi ya rozela. Tulijipigia makofi wenyewe chumbani.

Sasa piga hesabu nami. Katuni yetu ilikuwa ya dakika nne, yaani sekunde 240. Kila sekunde ina picha, yaani fremu, 24, jumla 5,760. Laptopu yetu ilitumia kama dakika tatu kwa fremu moja, maana tuling'ang'ania Cycles, ile njia ya Blender ya kurenda polepole kwa mwanga wa kweli, ili damu ing'ae. Hizo ni saa 288, siku 12 mchana na usiku, bila kuzima. Feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Tulilala kwa zamu ya kulinda umeme, na LUKU ya nyumba nzima tukaimaliza sisi. Mwenye nyumba alidhani tumefungua karakana.

Siku ya kuonyesha ukumbi ulijaa. Makofi. Kisha akasimama mama mmoja muuguzi mstaafu, mtu mzima, mpole kabisa, akauliza: "Wanangu, na ini liko wapi?"

Mwenzetu mmoja akajibu, "Ini la nani, mama?"

Bado nikikumbuka jibu lile natafuta shimo la kujifukia.

Kwa wasiojua kama sisi tulivyokuwa hatujui: kimelea anachoingiza mbu, yaani sporozoiti, hana habari na seli nyekundu. Anakimbilia ini. Huko anajificha ndani ya seli ya ini kwa muda wa kama wiki moja, anazaliana, na seli hiyo moja ikipasuka inamwaga maelfu ya watoto wake, merozoiti. Hao ndio wanaovamia seli nyekundu, na hapo ndipo homa inapoanza. Muda wote wa ini mgonjwa haumwi, anacheza mpira. Katuni yetu ilionyesha mtu ameumwa na mbu saa moja jioni na usiku uleule anatetemeka. Yaani tulichukua dhana potofu ya mtaani, kwamba homa ya leo ni ya mbu wa jana, tukaipamba kwa rangi nzuri na kuipeleka kwa watoto kama somo.

Baadaye nilisoma historia nikapata faraja kidogo. Daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu mwaka 1897 huko India. Mwaka 1903 Mjerumani Fritz Schaudinn akadai ameshuhudia kwa macho yake sporozoiti ikiingia moja kwa moja kwenye seli nyekundu, na dunia ikamwamini. Ini halikuthibitishwa mpaka 1948, wanasayansi Shortt na Garnham walipofanya kazi yao London kwa kutumia kima, na huyo Garnham alikuwa amefanya kazi ya udaktari Kenya miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo kosa letu liliwahi kuwa sayansi kamili kwa miaka 45! Ila Schaudinn hakulinunulia umeme.

Utasema, si mngechomeka tu kipande cha ini? Tungeweza, kama tungekuwa na vipande. Kamera ilikuwa moja isiyokatika, umesahau? Ukiingiza ini katikati, safari yote inabadilika, mwanga unabadilika, kimelea mwenyewe inabidi abadilike umbo, kwa sababu anayetoka kwenye ini si yule aliyeingia. Tukarudia yote. Siku 12 nyingine.

Na sauti je? Maelezo tuliyoandika "mbele ya safari" yalichukua dakika tano na nusu yakisomwa kwa utulivu, picha ni dakika nne. Dada wa watu akasoma kama mtangazaji wa mpira dakika za nyongeza. Neno "gametositi", yaani kimelea anayenyonywa na mbu kutoka kwa mgonjwa, lilitoka kama chafya.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaendelea kuirudia mkinichoka: hakuna kufungua Blender mpaka mtu wa baiolojia na mtu wa zahanati wamesoma karatasi yenu, kalamu nyekundu mkononi. Kunja A4 mara tatu upate visanduku vinane. Chora watu wa vijiti, mbu wa vijiti, ini liwe hata kama andazi. Chini ya kila kisanduku andika sentensi itakayosikika hapo. Isome kwa sauti, irekodi kwa simu, pima sekunde. Kisha peleka, kaa kimya, waache wachafue karatasi. Raundi ya pili yetu ilirudi imeandikwa pembeni, "Mbu anaambukizwaje? Huyu alizaliwa na vimelea?" Tulikuwa tumesahau kwamba mbu naye lazima avinyonye kwanza kutoka kwa mgonjwa, na vikae ndani yake siku kumi na kitu ndipo vifike kwenye tezi za mate. Kosa hilo lilitugharimu kifutio tu.

Laptopu tumieni hiyohiyo mliyonayo, na acheni Cycles, Eevee, njia ya haraka ya Blender hiyohiyo, inatosha. Rendeni fremu mojamoja kama picha za PNG, msirende faili zima la video, ili umeme ukikatika kwenye fremu ya 2,000 mwendelee na 2,001. Sauti rekodini kwa simu, kichwa mkiwa mmekiingiza kwenye kabati la nguo. Mtaonekana wehu lakini mwangwi hakuna.

Halafu huyo mbu uliyembandika picha yake kwenye swali lako na kujisifia, mkuzeni muone miguu yake. Mimi naona mistari myeupe. Kama si macho yangu, huyo ni Aedes, mbu wa dengue, si wa malaria. Profesa alituuzia sisi huyohuyo.