Kabla ya kumlaumu mamba, hakikisha leseni iko mfukoni: niliyojifunza Bwawa la Mtera

Jirani yangu wa kambini alishikwa na mamba mguu wa kushoto alfajiri moja ya kiangazi, akiwa amesimama kwenye maji yaliyomfika mapajani, akinasua wavu uliokwama kwenye kisiki. Tulimvuta watu watatu, huku mmoja wetu akimpiga mamba yule kwa pondo kichwani mpaka akaachia. Alipona, lakini mguu haukurudi kuwa ule aliokuwa nao. Baada ya kutoka hospitali nilimsindikiza kwenda kuulizia kifuta machozi, yaani fedha ambazo Serikali humpa aliyedhuriwa na mnyama hatari, na kabla hata hajamaliza kueleza yaliyompata akaulizwa, kwa upole kabisa, "Leseni yako ya uvuvi unayo, baba?" Hakuwa nayo. Alikuwa amevua tangu ujana wake bila kuulizwa karatasi hiyo, na siku alipoulizwa ndiyo siku aliyoihitaji kuliko zote. Tulirudi mikono mitupu.

Nimevua kwa mshipi na ndoana kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza Bwawa la Hombolo nikiwa kijana, kisha Mtera, na tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza wavuvi wenzangu, hasa vijana wanaokuja na mshipi mwishoni mwa wiki kutoka Dodoma mjini, kwamba habari ya leseni na habari ya mamba si mambo mawili. Mvuvi asiyehesabika mahali popote hana pa kupeleka malalamiko yake kuhusu mnyama mkali, naye ndiye mwepesi wa kutaka kumaliza jambo kwa sumu au kwa mkuki.

Nianze na sheria. Kanuni za kifuta machozi za mwaka 2011, zilizotokana na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, zilipotoka ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, shilingi 500,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na shilingi 200,000 kwa aliyejeruhiwa bila kupata ulemavu. Hakuna mtu atakayesema kwamba fedha hizo zinalingana na mguu wa mtu, na ndiyo maana hazikuitwa fidia. Hata hivyo, zinaweza kulipa nauli za kwenda kliniki, au kuweka chakula ndani kwa miezi ambayo baba amelala kitandani. Mamba na kiboko wote wamo katika orodha ya wanyama hao hatari. Lakini anayedhuriwa akiwa katika shughuli isiyo halali, au akiwa ameingia ndani ya hifadhi bila kibali, hastahili kulipwa, na kuvua bila leseni ni shughuli isiyo halali hata kama kijiji kizima kinafanya hivyo.

Leseni yenyewe si jambo gumu kama linavyosimuliwa. Chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, mvuvi anakuwa na leseni yake, na chombo kinasajiliwa na kupewa leseni yake. Kwa vyombo vidogo visivyofika mita 11, yaani karibu mitumbwi yote tunayoiona bwawani, kazi hiyo inafanywa na halmashauri ya wilaya kupitia afisa uvuvi. Unapewa kumbukumbu namba, unalipa benki au kwa simu, unapata stakabadhi. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi pale mwaloni eti akakulipie. Mimi nilifanya hivyo mwaka mmoja, na karatasi niliyoletewa haikuwa na namba yoyote iliyotambulika nilipokaguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa Mtera hawalitambui. Bwawa lile liko mpakani mwa Mkoa wa Dodoma na Mkoa wa Iringa, kwa hiyo ukitoka upande wa Mpwapwa na kuvuka kwenda upande wa Migoli umeingia halmashauri nyingine. Niliwahi kuzuiwa nusu siku upande wa pili, nikiwa na leseni halali ya upande niliotoka, kwa sababu sikuwa nimeuliza mapema kama itakubalika huko. Tangu hapo, kabla ya kutia ndoana majini, naanza kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo husika, nawaonyesha leseni na kuwaambia nitavulia wapi na kwa zana gani. Mara nyingi mazungumzo hayo yananipa zaidi ya ruhusa, kwa sababu hao ndio wanaojua mamba mkubwa ameonekana wapi juma lililopita.

Sasa niseme juu ya mamba mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo nimebishana na wenzangu mpaka usiku wa manane. Malalamiko ninayoyasikia kila kambi ni kwamba samaki wamepungua kwa kuwa mamba na ndege wanawamaliza. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini mamba ni mnyama ambaye mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe. Anaota jua apate joto, na kwa sababu hiyo chakula chake ni kidogo mno kuliko cha mnyama mwenye damu moto wa ukubwa uleule. Mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila mlo wa maana. Kisha angalia anachokula: wadogo wanakula wadudu na vyura, na wakubwa kiasi wanakula samaki, wakiwamo kambale wakubwa, na kambale ndiye anayemeza vifaranga vya perege usiku kucha. Tukimwondoa mamba bwawani kwa matumaini ya kupata perege zaidi, yumkini tutakuwa tumemlinda kambale, na perege tunayemtaka hatutamwona.

Anayemmaliza perege ni sisi. Dume la perege huchimba kitanda chake kwenye maji mafupi karibu na ufuko, jike hutaga hapo, halafu huyachukua mayai mdomoni na kuyatunza humo mpaka yaanguliwe na vifaranga viweze kuogelea. Anayekokota kokoro, yaani wavu mrefu unaovutwa kutoka majini hadi nchi kavu, kwenye ufuko huo anavunja vitanda, anavua majike yenye vinywa vilivyojaa, na anazoa vifaranga ambavyo havijafikia hata urefu wa kidole. Nimesimama kando ya kokoro lililovutwa nchi kavu nikaona ndoo nzima ya samaki ambao hata kukaangwa hawafai, wanaanikwa juani na kuuzwa kwa kopo. Hakuna mamba anayeweza kufanya hivyo.

Ndege nao nawasemea. Mtera ilipojazwa maji karibu na mwaka 1980 miti haikuondolewa yote, na hadi leo vigogo vilivyokufa vimesimama majini, vyeupe, vimejaa mnandi wanaokausha mabawa. Anayeona mamia ya mnandi kwa mara moja ni rahisi kuamini kwamba ndio wanaomaliza samaki. Ila wanameza samaki wadogo wanaotembea makundi, na walipotua wengi ndipo penye uhai. Mzee mmoja wa kambi, aliyeniita mjukuu hata nilipokuwa na watoto wangu, alinifundisha kutupa mshipi kwa kuwafuata wao. Vigogo hivyohivyo hunasa nyavu zetu, na wavu uliotelekezwa kwenye kisiki unaendelea kuua samaki, ndege na hata mamba wadogo kwa muda mrefu bila faida kwa mtu yeyote. Ukiukuta, utoe ukiwa ndani ya mtumbwi, kwa kulabu yenye mpini mrefu. Jirani yangu alishuka majini kuunasua.

Yapo maji ambayo hayategemei wavuvi wala wanyama, nayo yanabadilisha kila kitu. Ruaha Mkuu, unaoleta maji mengi Mtera, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha mwaka 1993, kwa sababu maji yalizidi kuchukuliwa kule juu, Usangu, kwa ajili ya mashamba ya umwagiliaji, na ardhioevu ya huko nayo ikaharibiwa. Mto unapokatika, viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki, kinyesi chao kinakuwa kingi kuliko maji yanavyoweza kukibeba, hewa ndani ya maji inaisha na samaki wanakufa. Mto ukitiririka, kinyesi hichohicho ni mbolea inayolisha maji yote ya chini. Kiboko ni yuleyule. Kilichobadilika ni maji. Bwawa nalo limejengwa kupanda na kushuka kati ya mita 698.5 na mita 690 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa maji yake yanaendesha mitambo ya umeme pale Mtera na Kidatu, na likishuka ufuko unasogea mbali sana, watu na mifugo na mamba wanakutana kwenye ukanda mwembamba wa maji. Malalamiko yetu kuhusu mamba huongezeka miaka ya namna hiyo, nami sidhani kwamba mamba huwa wameongezeka. Ndiyo sababu nawashauri viongozi wa vikundi vyetu waombe nafasi katika vikao vya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji badala ya kupeleka barua zote kwa watu wa wanyamapori. Wanaovua Bahi wana bonde jingine, ambalo maji yake hayafiki baharini, na wa Hombolo maji yao yanaelekea Wami, kwa hiyo kila mmoja aulizie bodi ya bonde lake.

Kuhusu usalama nitasema machache ambayo nayafuata mwenyewe bila kukosa. Sisimami majini kuvua, hata maji yakiwa ya magotini, na hasa jua linapozama na kabla halijachomoza. Sisafishi samaki pale ninapovulia wala situpi utumbo ufukoni, kwa sababu mamba hujifunza mahali chakula kinapopatikana na hurudi saa ileile. Sichoti maji wala kunawa mahali pamoja siku mbili mfululizo. Wakati wa kiangazi, kwenye fukwe za mchanga, mamba jike hutaga na kukaa karibu na kiota kwa takriban miezi mitatu, na mama huyo hana subira. Ukiona mchanga umechimbwa na njia ya tumbo inaelekea majini, hama. Kiboko namwogopa zaidi. Hutoka majini usiku kwenda kula majani na kurudi kabla ya mapambazuko, kwa njia ileile, na mtu anayemkuta akiwa kati yake na maji hana muda wa kueleza. Mtumbwi wangu sikai nao kwenye mdomo wa njia ya kiboko, na alfajiri sitembei ufukoni bila tochi.

Ikiwa mnyama amekuwa hatari kweli, yaani ameshaua au anafuata mitumbwi, taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, ambao huita askari wa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Iandikwe: tarehe, saa, mahali, aliyeona, alichofanya mnyama. Taarifa ya mdomo hupotea njiani, na nimeshuhudia kijiji kikilalamika kwamba hakijasaidiwa wakati hakuna hata barua moja iliyopelekwa. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kumuua mnyama akijiokoa au akimwokoa mwenzake, lakini tukio hilo lazima liripotiwe, na ngozi, meno na nyama ni mali ya Serikali. Sumu kwenye mzoga ni jambo jingine kabisa. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo vijana wawili walipendekeza hivyo baada ya msiba, wakiwa na uchungu ambao hakuna aliyeweza kuwalaumu kwa kuwa nao, na mama mmoja muuza samaki akasimama akauliza ni nani atakayenunua samaki wa bwawa hilo juma litakalofuata, na watoto wa nani watakunywa maji yake. Pendekezo likaishia hapo.

Jirani yangu sasa ana leseni. Haingii tena majini, anatengeneza nyavu na kukodisha mtumbwi, lakini kila mwaka anailipia, na hamkodishii mtu asiye na yake. Nilimwiga kwa jambo moja ambalo naomba nawe ulifanye wiki hii: toa nakala ya leseni yako na stakabadhi ya malipo, uifunge kwenye mfuko wa plastiki, umkabidhi mke wako au mtu mzima unayeishi naye, na umpe jina na namba ya simu ya afisa uvuvi aliyekupa leseni hiyo.