Hataza ya Japani haijasajiliwa kwenu, lakini inaweza kuliangusha ombi lako

Mkuu, umeuliza hivi: umekuta hataza (patent, haki ya kipekee ya uvumbuzi) ya Japani inayofanana na pampu yako, nchini mwako haijasajiliwa, je, unaweza kuiombea wewe? Naandaa maombi ya hataza kwa kazi, na naona umechanganya maswali mawili.

Kuuza ni swali jepesi. Hataza ina nguvu kwenye nchi iliyoitoa tu. Kama mwenyewe hakuomba kwenu na muda wake wa kuomba umepita, hana la kukuzuia kuunda na kuuza hapo. Ukiipeleka pampu Japani, anaweza kukubana.

Kupata hataza yako ndiko kwenye kazi. Mkaguzi wa ofisi ya hataza anapopima upya wa uvumbuzi hatazami mipaka. Karibu kila mahali sheria ni hiyohiyo: kilichochapishwa popote duniani, kwa lugha yoyote, kabla hujawasilisha ombi, si kipya tena. Hata kama hataza ile ilishaisha muda au ombi lilikataliwa. Na hasomi madai peke yake, yaani sentensi zinazotaja hasa kinacholindwa, anapekua maelezo yote na michoro.

Niliwahi kushughulikia ombi la valvu, mkaguzi akaibua ombi la Kijapani ambalo mwenyewe alilitelekeza. Kichwa chake hakikutaja valvu kabisa, lakini mchoroni springi ilikaa palepale ilipokaa yetu. Dai la kwanza likafa. Tukachukua tafsiri ya kompyuta, tukalinganisha kipengele kwa kipengele, maana upya hauvunjiki mpaka vipengele vyote vya dai vipatikane ndani ya hati moja. Wao hawakuwa na kijifereji cha kupitisha mchanga chini ya kiti cha valvu. Tukakiingiza kwenye dai la kwanza, kisha tukajenga hoja kwamba fundi wa kawaida asingekifikia hata akiunganisha hati mbili tatu. Likapita, ila jembamba kuliko alivyotaka mteja.

Kwa hiyo ingia Espacenet, hifadhi ya mtandaoni ya hati za hataza, ni bure, uangalie tarehe na michoro ya ile hati ya Japani uliyoikuta.

Ombi lako mwenyewe nalo linaweza kukugeuka. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 tangu ombi lako la kwanza kuomba nchi nyingine, na ukahesabiwa tarehe ya ombi hilo la kwanza. Maombi mengi huchapishwa miezi 18 ikitimia tangu tarehe hiyo. Ukizubaa, chapisho lako ndilo litakalokunyima. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kujitangaza, Ulaya hawana huruma hiyo, kwa hiyo ushauri wa video za Wamarekani uuchuje.

Wapo pia wanaodhani programu ikipewa hataza nchi moja, nyingine zitafuata. Mkataba huohuo unasema kila hataza inajitegemea. Ulaya, programu ya kompyuta peke yake haikubaliki, lazima itatue tatizo la kiufundi. Cheti cha kwingine hakimfungi mkaguzi.

Weka hapa namba ya hati uliyoiona pamoja na herufi ya mwisho. A ni ombi lililochapishwa tu. Kama ni hilo, huenda hata huko Japani hakuna hataza yoyote.