Ukitaka kuishi kwa piano, jifunze kwanza kudai ada

Watu wakiniona nimevaa suti nyeusi nimekaa mbele ya piano kwenye hafla ya wakubwa wanadhani maisha ndo hayo. Wapi! Mwaka jana nimepiga konseti tatu tu za maana, moja nikalipwa msosi na asante nyingi. Kodi ya nyumba inalipwa na watoto wa miaka minane ambao bado wanahesabu mapigo ya muziki kwa vidole.

Wala sio aibu. Chopin mwenyewe, yule mtunzi na mpiga piano maarufu, pale Paris, konseti za hadharani maisha yake yote zinahesabiwa kama 30 hivi, alikuwa anakula kwa kufundisha, faranga 20 somo moja. Inasimuliwa somo likiisha anageukia dirishani, mwanafunzi anaacha hela pale juu ya meko, maana kupokea mkononi alikuwa anaona haya. Hiyo haya na mimi nilikuwa nayo miaka minne ya mwanzo, tofauti ni kwamba mimi nikigeuka kutoka dirishani, hela hakuna. Na kuna ile nishatoka Temeke mpaka Mbezi Beach kwa boda, jua la saa tisa, nafika getini dada ananiambia mwalimu leo mtoto ana tuisheni, mama kasahau kukwambia.

Siku hizi ada ya muhula mzima inaingia kabla ya somo la kwanza, na ukiahirisha yakiwa yamebaki chini ya masaa 24 kabla ya somo, somo limeliwa. Nilipotangaza hivyo wanafunzi wawili wakaondoka wiki hiyohiyo, usingizi ukanipaa, lakini waliobaki wakaanza kufanya mazoezi kwelikweli kwa sababu mzazi akishalipa anafuatilia bwana.

Halafu asubuhi usimpe mtu. Wanafunzi wanapatikana baada ya shule, kwa hiyo saa moja mpaka saa tano ni yako na skeli zako (yale mazoezi ya ngazi za noti) na vipande vyako vya mtunzi Bach, mimi niliwahi kuziuza zile asubuhi kwa watu wazima wanaojifunza, ndani ya mwaka mmoja nikawa siwezi kumaliza kipande nilichokuwa nakipiga usingizini.

Kingine, waambie wazazi ukweli mapema, kibodi ya kii 61 laini kama ya kanisani haitoshi, piano ina kii 88 na kila moja inasukuma nyundo, mtoto akikutana nayo siku ya mtihani wa ABRSM (ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki) anabonyeza hasikiki. Na nadharia ya gredi 5 msiiache mpaka dakika za mwisho, bila hiyo, au mtihani mwingine wanaoukubali badala yake, gredi 6 ya kupiga hakuna.

Na wewe mzazi uliyeweka piano chini ya AC hapa Dar, mchana unyevu, usiku ubaridi mkavu, mbao zinavimba na kusinyaa halafu unaniuliza kwa nini imetoka tyuni. Ihamishe. Na ada ni tarehe 5.