Re: Z21 haionekani kwenye simu

Mkuu wa Nyegezi, kama waya wa neti wa Z21 (kile kisanduku cha kuendeshea treni za modeli kwa simu) umechomeka kwenye ruta na simu iko waifai hiyohiyo ila programu haiioni Z21, cheki IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) kwanza, maana Z21 inatoka kiwandani na 192.168.0.111 na ruta nyingi za huku Mwanza zinagawa 192.168.1 kitu, hapo simu na Z21 hazionani hata ungoje mpaka kesho. Ingia setingi za ruta uiweke 192.168.0.1, izime uiwashe, alafu kwenye programu andika hiyo ya 111.

Na zima data ya simu!! ruta isipokuwa na bando simu inakimbilia data yenyewe, unapoteza kontroli na treni bado inakimbia, injini itaanguka chini bure. Intaneti haihitajiki kabisa. Ukikwama weka picha ya setingi hapa.